Kufundisha Kiingereza kwa Ulimi wa Mwanafunzi

Amana aliyopewa mwalimu wa lugha ya kigeni ni nzito kuliko inavyodhaniwa aghalabu, kwa kuwa mwalimu wa hesabu humpa mwanafunzi jambo jipya kwa maneno aliyoyazoea, na mwalimu wa historia humsimulia mambo ya kale kwa ulimi aliokulia nao, ilhali mwalimu wa lugha ya kigeni huanza kazi yake mbele ya mtu ambaye, kwa muda wa somo lile, ameondolewa chombo kile kile anachokitumia kufikiri, kuuliza, kukubali na kukataa. Mtu mwenye akili timamu na malezi mema, ajuaye ukoo wake hadi kwa babu wa babu zake na majina ya samaki wote wanaovuliwa pwani ya kwao, hugeuzwa bubu mpaka kengele ilie, na pengine hudhaniwa kuwa hana la kusema kwa sababu tu hana jinsi ya kulisema. Ninayoyaandika hapa yanahusu ufundishaji wa Kiingereza katika nchi zetu za Afrika Mashariki, na shina la maneno yangu ni hili: lugha ya mwanafunzi ndiyo mali ya kwanza aliyo nayo mwalimu wa Kiingereza, na mwalimu anayeiamuru ibaki nje ya mlango wa darasa hudhulumu nafsi mbili, ya mwanafunzi na ya kwake mwenyewe.

Jambo hili halikupasa kuwa geni kwa watu wa pwani. Kwa karne nyingi kabla ya Kiingereza kusikika Lamu, Mombasa au Unguja, wenyeji wa miji hiyo walikuwa wakijifunza lugha moja kubwa ya ng'ambo, nayo ni Kiarabu, na walijifunza kwa kiasi cha kutoa wanazuoni, makadhi na washairi waliotajwa kwa taadhima. Utaratibu wa darsa anaujua kila aliyepata kuketi msikitini baina ya magharibi na isha: sheikh hufungua kitabu cha fikihi au cha nahau, akasoma ibara moja ya Kiarabu kwa lafudhi iliyonyooka, akatua, kisha akaieleza ibara ile kwa Kiswahili kipande kwa kipande, akionyesha mtenda ni nani na mtendwa ni nani, na kwa nini neno la mwisho limevikwa irabu hii wala halikuvikwa ile, halafu huirudia ibara nzima kwa Kiarabu, na mara hii maneno yale yale yaliyopita masikioni kama sauti tupu huingia yamechukua maana. Hakuna aliyedhani kwamba Kiswahili cha sheikh kinakinajisi Kiarabu cha kitabu. Sayyid Aidarusi bin Athumani alipoitia Hamziya ya al-Busiri katika Kiswahili, alitoa mojawapo ya tungo kongwe za lugha yetu zilizohifadhiwa hata leo, na Sheikh Abdallah Saleh Farsy, alipokamilisha tafsiri yake ya Kurani mwaka 1969, aliacha maandishi ya Kiarabu yakikaa pamoja na Kiswahili katika chapa moja, ili msomaji aende na kurudi baina ya lugha mbili kadiri anavyohitaji.

Wala si sisi peke yetu tuliojifunza hivyo. Wageni waliokuja kutaka Kiswahili chetu walifundishwa kwa insafu ile ile. Miongoni mwao, Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844. Edward Steere alifika Unguja mwaka 1864 pamoja na Askofu Tozer, na miongoni mwa waliomsaidia kuifahamu lugha ya mji alikuwamo Sheikh Abdulaziz al-Amawy, mwanachuoni mzaliwa wa Barawa. William Taylor, baada yao, aliketi Mombasa na Mwalimu Sikujua, akakusanya methali za Waswahili alizozipiga chapa London mwaka 1891. Kitabu cha Steere cha sarufi, kilichotoka mwaka 1870, kila kanuni ya Kiswahili imefafanuliwa kwa Kiingereza, na orodha zake za maneno zinakwenda pande zote mbili, kutoka Kiingereza hadi Kiswahili na kutoka Kiswahili hadi Kiingereza. Mwingereza yule alipewa ruhusa ya kukielewa Kiswahili kwa akili yake ya Kiingereza, na matunda ya ruhusa hiyo yalikuwa mema, kwani miongoni mwa wageni wale walitoka watu waliokijua Kiswahili kwa undani uliowashangaza wenyeji. Ruhusa waliyopewa watu wazima waliokuja kwa hiari yao, tena wenye elimu, ni haki kubwa zaidi kwa mtoto wa miaka kumi na mitatu ambaye hakuulizwa kama anaitaka lugha hiyo au haitaki.

Itikadi ya kwamba lugha ya kigeni hufundishwa vizuri pale tu lugha ya mwanafunzi inapozuiwa ina chimbuko lake, na ni vema lijulikane, maana jambo likijulikana lilikotoka huonekana pia pale lisipofaa. Mwaka 1878, mjini Providence nchini Marekani, Maximilian Berlitz alifungua shule ya lugha ambayo utaratibu wake ulikuwa mwalimu kusema lugha inayofundishwa peke yake tangu siku ya kwanza, akionyesha vitu kwa kidole na vitendo kwa mwili. Utaratibu huo ulikuwa na busara yake mahali penye ulazima. Mwalimu wa London leo ambaye mbele yake wameketi Msomali, Mbengali, Mpolandi na Mkurdi hana lugha moja ya kuwaeleza wote isipokuwa hiyo hiyo anayoifundisha. Amelazimika, na kulazimika kwake kumezaa ustadi mwingi wa kupendeza. Walakini darasa la Tanga au la Mtwara, ambamo kila mtoto na mwalimu wao wana Kiswahili kimoja kinachowatosha kwa kila jambo la maisha, haliko katika ulazima huo, na kulitendea kana kwamba limo ni kujifanya masikini hali una akiba.

Hata hivyo itikadi hiyo ilivuka bahari ikapewa daraja ya kanuni. Mwezi wa Januari mwaka 1961, katika Chuo cha Makerere, wajumbe wa nchi za Jumuiya ya Madola walikutana kujadili ufundishaji wa Kiingereza kama lugha ya pili, na mkutano huo ulizipa nguvu fikra ambazo Robert Phillipson, katika kitabu alichokitoa mwaka 1992, alizihesabu kuwa tano na kuzibatilisha moja baada ya moja: kwamba Kiingereza hufundishwa vema kwa Kiingereza peke yake, kwamba mwalimu bora ni yule aliyezaliwa katika lugha hiyo, kwamba kadiri kinavyoanzwa mapema ndivyo matokeo yanavyokuwa mema, kwamba kadiri kinavyofundishwa kwa wingi ndivyo kinavyokolea, na kwamba lugha nyingine zikitumiwa sana, kiwango cha Kiingereza hushuka. Ajabu ni kwamba Waingereza wenyewe, walipoweka mtihani wao wa kwanza wa Cambridge wa kuwapima wageni mwaka 1913, walimtaka mtahiniwa afasiri kutoka Kiingereza kwenda Kifaransa au Kijerumani, na kutoka lugha hizo kuja Kiingereza, kwa kuwa waliona bayana kwamba mtu huielewa lugha ya pili kwa kuipima na ya kwanza. Na kamusi iliyowasaidia wanafunzi wa Kiingereza wa dunia nzima kupita pengine kitabu kingine chochote haikutungwa Oxford ila ilichapwa Oxford: A. S. Hornby aliiandaa Tokyo pamoja na wenzake, ikatoka huko mwaka 1942, nayo ilizaliwa kutokana na miaka mingi ya kuwasikiliza Wajapani na kuandika mahali pale pale walipokuwa wakikwama.

Kumsikiliza mwanafunzi mahali anapokwama ndiyo kazi yenyewe, na mwalimu hawezi kuifanya ikiwa haijui lugha inayomkwamisha na kumkwamua. Chukua matamshi. Zile sauti mbili za Kiingereza zinazotamkwa kwa ncha ya ulimi baina ya meno, ambazo Wafaransa na Wajerumani huzihangaikia miaka, mtoto wa pwani anazo tangu utotoni, moja katika thelathini na thamani, na ya pili katika dhahabu na dhambi, na ni Kiarabu kilichomwachia urithi huo. Mwalimu anayelijua hili hamfundishi mtoto sauti ngeni. Humwambia tu aichukue sauti ya thamani aitie katika neno la Kiingereza, na kazi imekwisha, na hata mtoto wa bara asemaye selasini hupata hapo sababu nzuri ya kukisahihisha Kiswahili chake. Kinyume cha hayo, Kiswahili kina irabu tano tu, wakati Kiingereza kinachosemwa kwa ufasaha Uingereza hupambanua sauti za irabu zikaribiazo ishirini, kwa hiyo neno la Kiingereza la meli na neno la Kiingereza la kondoo huwa jina moja masikioni mwa mtoto wetu, na mwalimu asiyeijua hesabu hii ya irabu humlaumu mtoto kwa uzembe mahali ambapo sikio lake halijapata kufunzwa kusikia tofauti.

Sarufi nayo ina siri zake, na hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa ndipo ninapoona hasara kubwa zaidi ikifanyika bila kuonekana. Hakuna kosa linalosahihishwa kwa wino mwekundu mara nyingi kuliko lile la vijineno «a» na «the», ambavyo Kiswahili hakina, na ambavyo mwanafunzi wetu ama huviacha vyote ama huvitawanya apendavyo. Vitabu humwambia kwamba kimoja ni cha kitu kisichojulikana na cha pili ni cha kitu kinachojulikana, naye huikariri kanuni hiyo asiihisi. Lakini mwambie mtoto huyo huyo: «Nimenunua kitabu.» Kisha mwambie: «Nimekinunua kitabu.» Muulize tofauti, naye, bila ya kusoma popote, atakujibu kwamba katika kauli ya kwanza hajui ni kitabu gani, na katika ya pili ni kile kitabu ambacho sisi sote wawili tulikuwa tumekizungumza. Silabi ile moja iliyopenya katikati ya kitenzi imebeba, kwa upande wa kitu kinachotendwa, maana iliyo jirani sana na ile ambayo Kiingereza huiweka katika kijineno cha mbele ya jina. Mwalimu akifika hapo hufungua mlango, kwa sababu sasa mwanafunzi anajua kwamba jambo analoambiwa si upuuzi wa wageni, ni jambo ambalo yeye mwenyewe hulitenda kila siku akiwa sokoni au jikoni kwao. Ni wajibu wa mwalimu kusema pia mahali ulinganisho huu unapokoma: kwamba kiambishi chetu hushika kitendwa tu wala hakimshiki mtenda, na kwamba majina ya watu na wanyama hukitaka karibu kila mara hata yasipojulikana. Lakini mpaka huo nao ni somo, na mwanafunzi aliyeonyeshwa wapi lugha mbili zinaambatana na wapi zinaachana amekwisha kupata elimu ya lugha isiyopatikana kwa kukariri.

Jambo jingine nimeliona kwa macho yangu katika shule ambayo sina haja ya kuitaja. Mwalimu aliuliza kwa Kiingereza, kwa sauti ya ukali kidogo, swali ambalo kwa Kiswahili lingekuwa, «Hukufanya kazi niliyokupa?» na kijana aliyeulizwa akainuka, akaitikia kwa Kiingereza kwamba ndiyo. Mwalimu akangoja daftari. Kijana akasimama kimya. Mwalimu akauliza tena, kijana akajibu vile vile, na kwa dakika mbili watu hao wawili walikuwa wakibishana juu ya jambo waliloafikiana, maana kwa Kiswahili ndiyo huyakubali maneno ya muulizaji, na kijana alikuwa akikiri, kwa adabu kamili, kwamba ndiyo, hakuifanya. Ilhali Kiingereza, kikiulizwa kwa kukanusha, hujibu kwa kutazama tendo lenyewe, na aliyekosa kulitenda husema hapana. Kijana alihesabiwa kuwa mwongo tena mjuvi, akatolewa nje. Sentensi mbili za Kiswahili zingetosha kulieleza darasa zima jambo hilo kwa siku zote, na hakika watoto wangelifurahia, kwani ni jambo la kupendeza kugundua kwamba watu wa nchi mbili wanaweza kusema ndiyo na wasikusudie kitu kimoja.

Hapo ndipo linapoingia suala la aibu. Ngũgĩ wa Thiong'o, katika kitabu chake cha mwaka 1986 kuhusu lugha na ukombozi wa fikra, amesimulia jinsi katika shule za utoto wake mwanafunzi aliyesikika akisema Kikuyu alivyochapwa fimbo, au alivyovishwa shingoni kibao chenye maandishi ya kumwita mjinga, na jinsi kifaa cha ushahidi kilivyopitishwa kutoka mkono kwa mkono hata kila mtoto akawa mpelelezi wa mwenzake. Adhabu za namna hiyo hazikukoma pamoja na utawala wa kikoloni, na wazee wengi wenye watoto shuleni wanajua kibao hicho kimeitwa kwa majina gani katika miji yao. Wanaozitetea husema zinaharakisha kujifunza. Mimi nasema zinafunza jambo moja kwa haraka sana, nalo ni kunyamaza. Wahenga walisema kuuliza si ujinga, na kila mwalimu anajua kwamba mwanafunzi anayeuliza ndiye anayejifunza. Sasa mtoto aliyekatazwa lugha anayoweza kuulizia, na ambaye lugha anayoruhusiwa haijamtosha kuuliza, atafanya nini isipokuwa kukaa kitako na kunakili ubaoni? Lugha huota pale mtu anapothubutu kukosea mbele ya wenziwe, na hakuna mtu anayethubutu kukosea mahali ambapo kosa lake linageuzwa kuwa izara ya asili yake.

Madhara haya huzidi ukubwa kwa sababu ya mambo mawili yaliyochanganywa, nayo ni kufundisha Kiingereza na kufundisha kwa Kiingereza. Tanzania ilikifanya Kiswahili lugha ya masomo katika shule zote za msingi mwaka 1967, huku sekondari zikibaki na Kiingereza, na kwa mpaka huo mtoto aliyekuwa akieleza vizuri katika darasa la sita jinsi jani linavyotumia nuru kujitengenezea chakula, akaliita jambo hilo usanisinuru na akalichorea picha, huingia kidato cha kwanza akakuta jambo lile lile limevaa jina lisilofahamika na maelezo yasiyopenyeka, akaonekana kuwa hakuwahi kujua chochote. Tume ya Rais ya Elimu, iliyoongozwa na Jackson Makweta, ilitoa taarifa yake mwaka 1982 ikipendekeza Kiswahili kiendelee sekondari na vyuoni. Pendekezo hilo halikutekelezwa. Mwaka 1984 wataalamu wawili wa Kiingereza, Clive Criper na William Dodd, waliwapima wanafunzi wakaona kwamba wengi wao hawakuwa na Kiingereza cha kutosha kusomea masomo mengine, na badala ya kubadilishwa lugha ya masomo uliletwa mradi wa kukiimarisha Kiingereza. Zaline Roy-Campbell na Martha Qorro, walipoandika mwaka 1997 juu ya mgogoro huu wa lugha, walionyesha kwa ushahidi wa madarasani kwamba kuitumia lugha ambayo mwanafunzi haielewi hakumfundishi lugha hiyo, na somo lenyewe nalo hupotea. Asemaye haya si adui wa Kiingereza. Anayekitakia Kiingereza mema atataka kifundishwe na walimu waliofunzwa kazi hiyo, katika vipindi vyake, kwa vitabu vyake, wala hatataka mzigo wake atwishwe mwalimu wa kemia ambaye hakuwahi kuelezwa hata siku moja jinsi lugha inavyofundishwa.

Najua wapo wazazi watakaoyasoma haya kwa wasiwasi, na wasiwasi wao naustahi. Mama anayeuza maandazi alfajiri ili apate karo ya shule inayofundisha kwa Kiingereza hakuhadaika kwa ulimbukeni. Ameona mahakamani, katika mabenki na katika usaili wa kazi nani anayesikilizwa na nani anayeambiwa arudi kesho, naye anamtakia mwanawe asiwe yule wa kesho. Kiingereza kinafungua vitabu vingi vya tiba, sheria na sayansi ambavyo havijafasiriwa, na mtoto wa Kitanzania, wa Kenya au wa Kongo ana haki navyo sawa na mtoto mwingine yeyote. Kadhalika nakiri kwamba lugha haipatikani bila kusikika, na mwalimu anayekitumia kipindi kizima cha Kiingereza akizungumza Kiswahili amewanyima wanafunzi wake chakula walichokijia. Darasa linataka Kiingereza kingi: hadithi zinazosomwa kwa sauti na zinazosomwa kimya, vitabu vyepesi vinavyoweza kumalizwa kwa furaha kabla ya vile vizito vinavyoachwa ukurasa wa pili, mazungumzo ya wawili wawili, nyimbo, barua, michezo ya kuigiza. Kiswahili hapo kina kazi yake maalumu, ya kufafanua pale palipofunga, kulinganisha pale lugha zinapotofautiana, na kumpa mwanafunzi namna ya kuuliza asilolijua. Kisha hukaa kando kikapisha. Mtu achimbaye kisima kipya hakifukii kile cha zamani kazi ingali mbichi, kwa kuwa maji anayokunywa ili apate nguvu za kuchimba yanatoka humo.

Katika haya yote anayehitajika ni mwalimu wa namna fulani, na kwa bahati njema tunaye. Ile fikra ya Makerere kwamba mwalimu bora ni aliyezaliwa katika lugha humkosesha heshima mtu yule ambaye angefaa kuliko wote, yaani mwalimu wa hapa hapa aliyejifunza Kiingereza kwa jasho. Aliyezaliwa katika lugha huijua asikumbuke aliijuaje, na akiulizwa kwa nini husemwa hivi wala haisemwi vile, mara nyingi hana jibu isipokuwa kwamba ndivyo isemwavyo. Aliyejifunza anakumbuka mahali alipoteleza, na hukumbuka pia kilichomwinua. Julius Nyerere, aliyepata kuwa mwalimu Pugu kabla ya kuiongoza nchi, alimfasiri Shakespeare kwa Kiswahili, Julius Caesar mwaka 1963 na kisha mchezo wa mabepari wa Venisi mwaka 1969, na kazi hiyo haiwezi kufanywa na mtu aliyekidharau Kiswahili ili apate Kiingereza, wala na mtu aliyekiogopa Kiingereza ili akilinde Kiswahili. Mtu anayeweza kuchukua ibara ngumu ya Kiingereza cha miaka mia nne iliyopita akaipatia mwenziye wa Kiswahili ameonyesha kuwa katika kichwa kimoja lugha mbili hukua pamoja, kila moja ikiitia nguvu nyingine.

Basi ninalolitaka kwa vyuo vyetu vya ualimu ni kwamba mwalimu mtarajiwa wa Kiingereza asitunukiwe cheti mpaka awe ameisoma sarufi ya Kiswahili kwa undani ule ule anaoisomea sarufi ya Kiingereza, ajue ngeli, ajue viambishi na kazi zake, ajue jinsi nyakati za vitenzi vyetu zinavyopishana na za Kiingereza, na ajue lugha za nyumbani za watoto atakaowafundisha huko atakakopangiwa, angalau kwa kiasi cha kutambua zinapowasaidia na zinapowatatiza. Ninalolitaka kwa wakuu wa shule ni kwamba vibao na faini za lugha zikomeshwe, na fedha za faini kama zimekwisha kukusanywa zikanunuliwe vitabu vya hadithi. Na ninalolitaka kwa mwalimu aliye peke yake mbele ya watoto hamsini katika chumba chenye ubao mmoja ni kwamba asione haya kusimamisha somo akasema kwa Kiswahili safi, «Hapa lugha yao inafanya hivi, na yetu inafanya hivi, nani anaweza kuniambia kwa nini?» Siku ile mkono wa kwanza utakapoinuka nyuma ya darasa, na mtoto aliyekuwa kimya tangu mwanzo wa muhula akajaribu kujibu, somo la Kiingereza litakuwa limeanza kweli kweli, na mwalimu yule hatahitaji mkaguzi wa kumwambia kwamba amefundisha.